Kuku wa Pili Hapasuliwi

Milepa,
6 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Rahel,

Mwangaluka. Natumaini karatasi hii itakukuta u mzima huko kwenye baridi yako. Sisi tunapumua. Mke wangu Bertila hajambo, watoto hawajambo, yule wa mwisho ameota meno mawili na anamuuma kila anayembeba, tunasema amekurithi wewe. Mvua bado. Bonde zima ni vumbi na ng'ombe wanakwenda mbali kutafuta maji. Dada yetu Rozina yuko Malangali, Sumbawanga mjini, kama kawaida, ndiye atakayeiposti barua hii, kwa kuwa Valerian katekista anapanda mjini kesho.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Polisi walichukua simu za viongozi wote wa sungusungu, yangu ikiwamo, na ya kuazima siiamini. Simu ina masikio mengi. Karatasi inaongea na mtu mmoja.

Rozina alikwambia Baba ameuawa, akaishia hapo kwa sababu alikuwa analia. Mimi sikulia, kwa hiyo nitakumalizia. Tulimkuta kwenye kivuko cha mto. Walimkata mikono kwanza, maana damu ya mikono ilikuwa njia nzima na ya shingo ilikuwa pale alipolala tu. Panga la shingo halikumaliza kazi kwa pigo moja. Dume lake jeusi na mitamba yake hawakuwepo. Nilivua shati nikaifunga mikono yake humo, nikaibeba mpaka nyumbani. Nashukuru Mama alitangulia, hakuyaona haya.

Watu wawili walionekana njia ile asubuhi hiyo. Wa kwanza ni Oswaldi, kaka yake Bertila. Unajua ng'ombe wetu waliingia kwenye mpunga wake mwezi wa nne, naye akasema kilabuni, watu wakisikia, kwamba siku moja Mzee Nyanda atazikwa na ng'ombe wake. Wa pili ni Baba Mdogo Mboje, ambaye alikuwa hasalimiani na Baba kwa ajili ya mitamba ya urithi wa Babu. Huyo namtaja kwa kuwa alionekana.

Sasa jambo lenyewe. Ulipokuja likizo mwaka juzi ulituambia tukiwa tunakula kwamba unafundisha mashine kuona kitu ambacho macho hayakioni. Unaipa alama alama, nayo inakwambia kilichokuwepo. Baba alikusikiliza mpaka ugali wake ukapoa. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pembeni alama zote nilizoziona kivukoni. Iulize ni nani.

Mkutano wa sungusungu unangoja. Mimi ndiye kamanda wao, lakini Oswaldi ni mjomba wa wanangu, siwezi kumpiga mshale wa kubahatisha.

Kaka yako,
Ndalahwa


Hannover, Ujerumani,
11 Desemba 2023

Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Barua yako ilizunguka kwenye anwani yangu ya zamani, ndiyo maana nachelewa. Nimefurahi mtoto ameota meno, na asiache kuuma. Hapa jua linazama saa kumi. Kazini tumebanwa. Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, na kabla ya hapo nisipotoa matokeo ya maana, kiti changu atakikalia mwingine.

Niliisoma barua maabarani kwa sababu sikuweza kungoja. Mwenzangu aliniuliza, huku akitabasamu, kama ni habari njema kutoka nyumbani. Nikamrushia spana. Ilimpita sikio ikavunja kioo cha leza tulichokihangaikia majuma mengi, na kwa kitambo nilisikitika kwamba haikumpata. Nakwambia ili usidhani nimekaa huku nimegeuka barafu. Aliyemkata Baba mikono nataka naye akatwe, polepole, na nataka niwepo nikimtazama. Nikifumba macho naliona shati lako.

Lakini sikiliza. Kazi yangu si ramli. Tunachukua atomu, vile vijichembe ambavyo kila kitu kimetengenezwa navyo, tunazipoza kwa leza mpaka karibu zitulie kabisa, tunazipanga safu kwa safu kwa mwanga, halafu tunaziacha zituchezee hesabu ambayo kompyuta yoyote ingeshindwa kuimaliza. Zinaiga vitu vingine, kama sumaku na chuma, ndiyo maana tunaita uigaji. Shida ni kwamba ukizipiga picha umeziharibu. Kila picha ninayoitazama ni picha ya maiti. Kwa hiyo tunapiga maelfu, na kompyuta inajifunza kwa hayo maelfu kukisia kilichokuwepo kabla ya picha.

Inazijua atomu kwa kuwa imeziona mara nyingi hivyo. Baba ameuawa mara moja, haina cha kujifunza hapo. Ukiipa alama zako itajibu, maana haikufundishwa kunyamaza, lakini jibu lake litakuwa upepo mtupu.

Waachieni polisi. Na Baba Mdogo Mboje usimwandike tena kwenye karatasi moja na habari hii. Siku ninaanza sekondari ni yeye aliyenipakia kwenye baiskeli kutoka Milepa, akaisukuma mlima wote mpaka Sumbawanga, na sanduku langu kichwani kwake. Huyo hana la kujibu kwetu.

Msalimie Bertila na watoto.

Rahel


Milepa,
19 Januari 2024

Kwa Rahel,

Hujambo mdogo wangu. Mvua tuliyoililia imekuja kwa hasira, barabara ya kupanda mjini imeshakatika mara mbili, lakini Valerian ana miguu ya mbuzi. Nyasi zipo. Bertila alikwenda kwao baada ya Krismasi akaniachia watoto, napika mwenyewe, na ugali wangu hata mbwa anauangalia mara mbili.

Nimeyasoma maelezo yako ya atomu. Umezunguka kama mtu anayekataa kuazimisha jembe. Katikati ya mzunguko huo umesema neno moja la kweli, kwamba mashine itajibu.

Sasa usikie ya huku. Juma la Mwaka Mpya vijana wangu walichoma ghala la Oswaldi. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia mpaka jicho la kushoto likafumba, na sidhani kama litafumbuka. Wakulima wakalipiza. Waliwakamata ng'ombe wetu machungani wakawakata mishipa ya miguu ya nyuma, wakawaacha wanajikokota kwa miguu ya mbele huku wanalia. Niliwamaliza mimi kwa mkuki, mmoja mmoja, wakiwa wananitazama. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anacheka napata hamu ya kumpiga.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Yule mfumu aliyetupasulia kuku tangu enzi za Babu amewekwa ndani, serikali inasema ramli yake ni chonganishi. Kuku hatuna, polisi hatuna, tuna wewe. Mtemi wa sungusungu amesema mashine ya msomi serikali haijaikataza, tena ina vyeti. Nimewaomba wangoje jibu lako na wamekubali, lakini mwisho ni mvua zikipungua. Zikipungua watamchukua Oswaldi bila jibu, na mimi ndiye nitakayewatangulia, kwa kuwa ndiye mwana wa marehemu. Bertila analijua hilo. Ndiyo maana yuko kwao.

Usiniambie hujui. Mtu aliyesoma kiasi hicho hawezi kutojua. Niandikie jambo moja tu, Oswaldi ndiye au siye.

Ndalahwa


Hannover,
12 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Wabusu watoto. Mimi nimekonda kidogo ila nakula.

Nimeiuliza. Niliingiza alama zote ulizoandika, nyayo, upande panga lilipotokea, njia ng'ombe walikopitishwa. Niliiacha ifanye kazi mpaka ikamaliza yenyewe. Jibu lake halina wasiwasi wowote. Oswaldi siye.

Naambatanisha picha ili mkutano uione kwa macho. Yale madoa meupe na nafasi nyeusi zilizo katikati yake ndiyo maandishi ya mashine, hayasomeki kwa asiyeyasomea, basi msijisumbue. Chini nimegonga muhuri wa maabara.

Mwachieni huyo mtu. Mpelekeni hospitali mjini jicho likaangaliwe, na ghala lake mlijenge kwa mikono yenu. Mrudishe mkeo nyumbani. Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka, na Rozina nimempigia simu ahakikishe inakufikia hata kama barabara imekatika.

Usiniulize tena jambo kama hili.

Rahel


Milepa,
3 Aprili 2024

Kwa Rahel mpendwa,

Mwangaluka, na mwangaluka tena. Bertila amerudi, anapika, nyumba imekuwa nyumba. Oswaldi anatembea. Jicho lile limekufa lakini ghala jipya limesimama, nilikata miti yake mimi mwenyewe. Mpunga wa mwaka huu ni mzuri, na ndama wamezaliwa wengi. Yule wa mwisho sasa anatambaa na bado anauma.

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaishia kwenye salamu. Rozina asilaumiwe kwa kutokupigia simu, nilimkataza. Nilisema ni yangu kuiandika.

Picha yako ilifika. Mtemi aliipokea kwa mikono miwili, ikapita kwa wazee wote, wakasema kweli hii si kazi ya mkono wa mtu. Oswaldi alisimamishwa katikati akaambiwa yeye ni mweupe. Alianguka chini akalia, na mimi nikamwinua. Kisha Mtemi akaniuliza kama barua ina neno jingine. Nikasema imeishia hapo. Watu wote wakamgeukia Baba Mdogo Mboje.

Wewe hukuwahi kukaa kwenye mkutano, wanawake hawakai, na shule ilikuchukua mapema, kwa hiyo nakueleza. Washtakiwa wakiwa wawili mfumu huchukua kuku wawili, kila kuku na jina lake. Anampasua wa kwanza. Akitoka mweupe, kuku wa pili hapasuliwi, hakuna haja, aliyebaki ndiye. Hata hivyo niliamini hilo uliwahi kulisikia. Nilipoona umemtaja Oswaldi peke yake nilisema moyoni, Rahel ameona aibu kuliandika jina la damu yetu. Niliiheshimu aibu yako.

Baba Mdogo alisema maneno machache. Alisema, "Ndalahwa, hiyo ni barua ya mtoto wangu. Isome tena." Nikaisoma tena na ilikuwa vilevile.

Akakimbia. Asingekimbia labda mkono wangu ungesita, sijui. Alikimbilia kwenye mashamba ya ufuta, asubuhi kweupe, filimbi zikalia kila upande. Mshale wa kwanza ulikuwa wangu, ulimwingia chini ya bega. Hakuanguka, aliendelea kwenda nao, unacheza mgongoni, mpaka wakamzunguka kwa marungu. Walipomvunja miguu wakatoa mapanga. Mtu akauliza kama mikono ikatwe kwanza, kama walivyomfanyia Baba. Nikasema ndiyo. Alikuwa bado anaongea, Rahel. Aliniita kwa jina nililokuwa naitwa nikiwa mdogo, na sikumjibu. Mama Mdogo, mkewe, alikuja jioni kumkusanya peke yake kwenye kanga zake, hakuna aliyemsaidia.

Nilidhani baada ya hapo nitalala. Silali. Lakini haki imepatikana, na watu wote wanakushukuru. Kuna familia ya kijiji cha jirani wamepotelewa na mtoto, wanauliza kama mashine yako inapokea mashauri ya watu wengine.

Kaka yako,
Ndalahwa


Hannover,
29 Aprili 2024

Ndalahwa,

Sina salamu.

Sikuiuliza mashine. Karatasi yako ya alama niliisoma mara moja nikaifunga. Nilikaa jikoni kwangu nikaandika kwamba Oswaldi siye kwa sababu nilitaka Oswaldi aishi, na kwa sababu nilijua mtaniamini. Ile picha ni ya atomu zangu, jaribio lililoharibika tulilokuwa tunalitupa. Ule muhuri ni wa kupokelea vifurushi.

Baba Mdogo sikumtaja kwa kuwa haikuniingia akilini kwamba anahitaji kutetewa. Nilipokuwa naandika sikuwa na watu wawili kichwani. Nilikuwa na Oswaldi na mapanga yenu. Habari ya kuku wawili nimeisikia kwako, kwa barua yako hii, Baba Mdogo akiwa ameshazikwa.

Mwezi uleule niliowaandikia jibu nilisimama mbele ya wanasayansi nikawaeleza kosa la kompyuta hizi tunazozifundisha. Ukiifundisha majibu mawili, itakupa mojawapo kwa uhakika mkubwa hata kama jibu la kweli halimo kabisa kati ya hayo. Walinipigia makofi, wakaniahidi kazi ya kudumu. Nilikuwa nimeshaiposti barua yenu.

Usiniandikie tena neno haki. Umemkata mikono mtu aliyekuwa anakuita kwa jina lako la utoto, na panga nilikupa mimi, lina muhuri. Ungekuwa karibu ningekupiga mpaka mikono yangu ishindwe, halafu ningekuomba unipige na mimi. Nimevunja vyombo vyote vya nyumba hii na bado sijashiba.

Ile kazi nimeikataa na maabara nimeiacha. Profesa wangu anadhani ni msiba wa Baba unaonisumbua, sikumsahihisha. Nitakuwa Sumbawanga Jumatano ya kwanza ya mwezi wa sita, kwa basi la kutoka Mbeya. Nitasimama kwenye mkutano wenu, wanawake wawe wanakaa au hawakai, nitasema niliyoyaandika hapa, halafu nitakwenda polisi kuyasema yaleyale, na jina lako nitalitaja baada ya langu.

Barua hii msomee Mama Mdogo kabla ya mtu yeyote. Nataka awe ameisikia kabla sijamtazama usoni.

Rahel


Milepa,
27 Mei 2024

Mdogo wangu Rahel,

Mwangaluka. Watoto hawajambo. Asubuhi hii Bertila amewapeleka kwa mjomba wao Oswaldi, na nimemwambia abaki nao huko. Watu wanavuna.

Barua yako imefika juma moja na habari nyingine. Dume jeusi la Baba limekamatwa mnadani, mbali, lina alama yetu sikioni. Waliokuwa wanaliuza ni wezi ambao macho yetu hayajapata kuwaona, na wameshawaeleza polisi walivyomfanya mwenye mali kivukoni. Jina la Baba hawalijui. Hawamjui Oswaldi wala Mboje. Nilikwenda mwenyewe nikalishika lile dume sikio nikaona ni kweli.

Nimemsomea Mama Mdogo kama ulivyoagiza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mchi akanipiga nao mdomoni. Damu iliyo kwenye karatasi hii ni ya hapo, mdomo bado unavuja. Sikujikinga, na aliponyanyua tena sikujikinga pia. Halafu akatoka nje akapiga yowe la kuita kijiji.

Mkutano umekaa jana na leo, wote wale wale walioshika marungu kwenye ufuta. Kila mmoja anaapa alikuwa nyuma, hakupiga. Mtemi anasema damu ya Mboje lazima iwe na mwenyewe, na walioitafuta ni wawili, aliyeandika barua na aliyepiga mshale. Barua yako ilisomwa yote, kwa hiyo siku yako wanaijua na basi lako wanalijua. Vijana walikuwa wanagawana zamu ya kukungoja stendi, wanaongea mbele yangu kama sipo.

Ulisema ungenipiga mpaka mikono yako ishindwe. Ni sawa, niliyafanya kwa mkono wangu na ningeweza kukataa. Ila nilifurahi kwamba unakuja.

Valerian amesimama mlangoni anaingoja karatasi hii, atapanda nayo leo kwa Rozina ili akusomee kwa simu kabla hujaondoka. Filimbi zimeanza kulia upande wa kisimani. Njoo siku ileile uliyopanga, nenda polisi useme yote, kaa na Mama Mdogo hata akikufukuza. Hakuna wa huku atakayekugusa. Leo mchana Mtemi alituuliza kwa utaratibu wetu, mbele ya wote, akaanza na jina lako. Nikawaambia Rahel siye.

Ndalahwa